Kimbunga cha Kumkumbuka Athol

Jumanne saa nne asubuhi birika lilipiga mluzi katika Banda la Wanaume la Warrenby, kaskazini mwa Tasmania, na mashine zote zikazimwa. Msumeno unaweza kuwa katikati ya ubao, gundi inaweza kuwa bado haijashika, mtu anaweza kuwa anavuja damu kidoleni. Saa nne ni chai. Wazee wastaafu wanaokutana humo hutengeneza vibao vya kukatia mboga na malori ya watoto, lakini kazi yao hasa, ukiwachunguza vizuri, ni chai.

Siku hiyo kulikuwa na keki pia, na mgeni. Noelene Crabbe, mjane wa Athol, alikuwa ameitwa kuzindua Kimbunga, mashine mpya ya kunasa vumbi. Alikalishwa kwenye kiti pekee chenye mto, akapewa mkasi wa kukatia utepe, akaambiwa asubiri hotuba. Kimbunga chenyewe kiliwashwa ili akione kikifanya kazi, ndiyo mashine pekee iliyowahi kuruhusiwa kunguruma saa ya chai. Mwenyekiti, Desmond Pargeter, aliyeuza nyumba za watu maisha yake yote na hajawahi kunyamaza hata msibani, aliweka mkono kifuani.

"Shemeji," alisema, "chombo hiki tulikitaka tangu zamani. Athol alikitaka, na sisi tulikitaka pamoja naye. Bega kwa bega."

Aliposema bega kwa bega, miguu yake iliachana na sakafu.

Hakupanda sana, kiasi cha unene wa mkate. Alwyn Tibbs, katibu, alimshika mkanda wa aproni akamvuta chini. Akamwachia, naye akapanda tena.

"Mwenyekiti, umepanda," Alwyn alisema.

"Naona. Nisogezee biskuti."

Akasogezewa biskuti, na shughuli ikaendelea.

Sasa huo uongo wenyewe ulikuwa hivi. Katika banda lile mashine zote zimeungwa kwa mabomba na feni moja kubwa. Feni inavuta vumbi la mbao na kulisukumia ndani ya mfuko mpana wa kitambaa, unaoning'inia pembeni kama godoro lililoanikwa. Mfuko ukiziba, lazima mtu aupige kwa fimbo mpaka uachie vumbi, kisha aumwage. Na desturi ya banda ni kwamba anayeupiga ni mwanachama mgeni. Athol alipojiunga alikuwa mgeni. Kwa kuwa Warrenby si mji wa kuhamiwa na watu, alibaki mgeni miaka nenda, miaka rudi, mpaka nyusi zake zikawa za rangi ya mbao.

Athol aliomba Kimbunga. Si kitu cha ajabu, mabanda yote ya jirani yanacho. Ni koni ya bati inayowekwa kati ya mashine na mfuko. Hewa inaingia ubavuni, inazungukazunguka ndani, kilicho kizito kinaanguka kwenye pipa la chini na kilicho chepesi kinapanda juu. Kikifungwa sawasawa, hata vumbi jembamba huanguka na maranda, na mfuko haumhitaji mtu wa kuupiga. Alipoomba mara ya kwanza, wakanunua jiko jipya la kuchomea soseji, kwa sababu soseji wanazouza Jumamosi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi ndizo heshima ya banda. Alipoomba tena, wakashona mashati yenye majina. Alipoomba tena, wakanunua hita ya chumba cha chai, maana magoti ya Alwyn yanauma wakati wa baridi. Magoti ya Alwyn yalijadiliwa kikao kizima. Mapafu ya Athol yaliwekwa kwenye mengineyo.

Alipoanza kukohoa walimwambia, "Kakohoe nje, ndugu. Tunakunywa chai." Naye alikuwa akitoka, na akitoka anafunga mlango taratibu ili upepo usipeperushie vumbi vikombe vyao. Alikuwa mtu mstaarabu, masikini. Ustaarabu wa namna hiyo ukiupeleka kwa watu wa namna ile, unajichimbia kaburi na koleo unaazima wewe mwenyewe.

Daktari mjini Launceston alimwonyesha Noelene picha ya mapafu ya mumewe, na Noelene akadhani ni picha ya mfuko. Athol alikufa katikati ya baridi. Kwenye mazishi Desmond alisimama akatangaza kwamba familia haitaki maua, anayetaka kumuenzi marehemu achangie banda. Familia ilikuwa haijasema hivyo, lakini nani atabishana jeneza likiwa mbele yake? Watu wakachanga. Kwa hiyo Kimbunga kilinunuliwa kwa maua ya Athol. Loo! Mtu aombe kitu akiwa hai anyimwe, afe, kisha maua yake ndiyo yakinunue kitu kile kile, na waliomnyima wasimame mbele ya mjane wakikata keki. Kuna nyuso kavu duniani kuliko mbao za kuanikwa miaka miwili, na nyingi zimejazana Warrenby.

Tena hata kukifunga hawakukifunga sawasawa. Desmond alitoboa dirisha kwenye pipa na kubandika kioo cha plastiki kwa utepe wa gundi, ili wageni waone vumbi likianguka wapate kusifu. Kila mmoja pale alijua kwamba pipa la kuvutwa hewa halitaki tundu, Desmond akiwemo. Hewa ikaingia dirishani, ikalitibua vumbi jembamba kabla halijatua, likapanda juu na kwenda mfukoni kama zamani. Mfuko ukabaki, fimbo ikabaki, na mgeni wa kuipokea fimbo akapatikana: Henk Vermaas, Mholanzi aliyekuwa mkamua ng'ombe, aliyejiunga wiki chache baada ya maziko kwa sababu mkewe naye alikuwa amefariki na nyumba imekuwa kimya.

Noelene hakuukata utepe. Aliuweka mkasi mapajani.

"Desmond, sikuja kwa keki," alisema. "Nimekuja kusikia neno moja. Semeni kwamba Athol aliomba, na nyinyi mkakataa. Basi. Halafu mfuko ule uteremsheni kabla haujammaliza na huyu." Alimwonyesha Henk kwa mkasi.

"Shemeji, leo ni siku ya furaha," Desmond alisema, akapanda kidogo tena. Ilibidi akate utepe mwenyewe, kwa kuinama.

Kufikia Ijumaa, wote waliowahi kuinua mkono kumnyima Athol walikuwa wameachana na sakafu. Hapakuwa na makelele. Wale ni watu ambao kila tatizo kwao ni la kutafutia kibao na skrubu. Kwanza Alwyn alikwenda jalalani akaokota vyuma vya madirisha ya kale, wakavitia kwenye mifuko ya aproni. Vyuma vilipozidiwa, wakajifunga kamba kwenye miguu ya meza. Kamba zilipowachosha, wakakaa kikao huko huko juu na kuamua kwamba anayepigana na hali ni mjinga. Wakatengeneza reli za kushikilia chini ya paa, kwa mbao nyeusi za kwao zile za thamani, wakazipiga msasa, wakazipaka vanishi mara tatu. Kazi safi, sitasema uongo. Kona zilishikana hata wembe hauingii. Mikono hiyo hiyo ilishindwa kuziba dirisha la pipa.

Misumari ya vikombe ikahamishiwa juu, birika likahamishiwa juu, kopo la biskuti likafungwa kwenye boriti. Kikombe cha Athol hakikuhamishwa. Kiliendelea kuning'inia chini peke yake, na jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu.

Nyumbani mambo yalienda vilevile. Mke wa Desmond alikuwa akimfunga kwenye mguu wa kitanda kwa mshipi wa gauni la kulalia, na majirani aliwaambia mume wake anapungua mwili. Jumamosi Desmond aligeuza soseji mbele ya duka akiwa amefungwa kwenye mtungi wa gesi, miguu ikielekea barabarani. Wateja walipanga foleni kama kawaida. Mmoja alilalamika, lakini ni kwa sababu vitunguu vilikuwa vimeungua.

Ndani ya pipa, kupitia lile dirisha, vilionekana vitu viwili. Juu yalikuwapo maranda ya njano yakirukaruka. Chini kulikuwa na kitu cheusi kama mchanga wa mtoni, kilichotulia, ambacho hewa haikuweza kukitikisa. Kila mara mtu alipokuwa akipita karibu na mdomo wa bomba huku akisema tulimpenda Athol, kile cheusi kiliongezeka. Henk ndiye aliyelimwaga pipa. Aliliinua kwa kukunja magoti, kama alivyokuwa akinyanyua ndama, na hakuuliza. Mgeni haulizi.

Maranda ya banda lile, kwa desturi, huchukuliwa na wenye kuku. Noelene alikuwa akiyachukua tangu siku za Athol, na aliendelea kuyachukua, sasa yakiwa yamechanganyika na kile cheusi, kwani kuku hawana kosa. Akawatandikia. Usiku wa kwanza ufito wa kulalia kuku ulivunjika katikati. Kufikia mwisho wa wiki, kuku mmoja tu, tetea mwekundu asiye na makuu, hakubebeka kwa mikono miwili, na mayai yalitoboa kitako cha kikapu.

Uzito si neno. Neno ni kwamba kila asubuhi Noelene alipofungua mlango wa jikoni aliwakuta wamejipanga mstari kwenye nyasi, wameinamisha vichwa. Hawakugusa nafaka. Walisimama hivyo mpaka aseme nao. Siku ya kwanza alisema, "Haya, haya, kuleni." Siku ya pili aliwatazama kwa muda, mkono kwenye kitasa, na akaelewa ni haya za nani hizo alizowatandikia.

"Si nyinyi," aliwaambia.

Kuku hawakusadiki. Waliendelea kuinama.

Alhamisi moja mvua ilikuwa ikinyesha. Noelene aliingia bandani saa ya chai akisukuma toroli. Ndani ya toroli mlikuwa na gunia na yule tetea mwekundu. Juu, chini ya paa, wanaume walikuwa wameshikilia reli kwa mkono mmoja na vikombe kwa mkono wa pili, visigino vikining'inia. Henk alikuwa chini peke yake, amekaa kwenye ndoo, anakunywa chai kwa kifuniko cha chupa ya chai. Alikuwa hajapewa kikombe. Kikombe chenye jina hupewa mtu atakapokuwa si mgeni tena.

"Karibu, shemeji," Desmond alisema kutoka juu. "Umelowa. Umeleta nini?"

"Cha kwenu. Nimewarudishia."

Aliliinamisha toroli. Ule mchanga mweusi ulimwagika sakafuni kwa kishindo, mashine zikatikisika. Tetea alishuka mwenyewe. Alitembea polepole, mbao za sakafu zikilia kila anapokanyaga, akaenda mpaka mbele ya viatu vya Henk, akasimama na kuinamisha kichwa.

"Kuku mnene huyo," Alwyn alisema.

"Si mnene. Ana haya. Amelalia zenu, zimemwingia. Jitu zima na mvi zako, Alwyn Tibbs, unashindwa na kuku?"

Mmoja wa waliokuwa juu alikuwa anatafuna, akaacha.

"Kaka Alwyn," Noelene alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe ulikuwa unakuja kwetu Krismasi. Ulikula kwenye meza yangu. Athol alikutengenezea kile kiti cha kupumzishia magoti. Sema tu. Sitampeleka mtu mahakamani, sitadai kitu. Nataka lisemwe humu ndani, na mfuko ule uondoke. Huyu Henk ana wajukuu."

Alwyn alilamba midomo.

"Athol aliomba," alisema, na miguu yake ikashuka. "Aliomba kabla hata hatujanunua jiko. Na sisi..."

Ndala zake ziligusa sakafu. Vidole kwanza, kisha visigino. Uzito ulimrudia wote kwa mkupuo mmoja, magoti yakakunjika, akashika ukingo wa meza na kuguna. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa kusikia maumivu. Noelene alimshika kiwiko.

"Endelea, kaka."

Desmond alikuwa anamtazama kutoka juu, kikombe mkononi, bila hasira yoyote.

"Magoti, Alwyn," alisema. "Yanauma?"

"Yanauma."

"Pole sana. Huku juu hayaumi, eti?"

Alwyn aliangalia sakafu. Alimwangalia tetea. Hakumwangalia Noelene.

"Aliomba," alisema, "na sisi, kwa kweli, jambo lake tulilifikisha kwenye kamati, likafuata taratibu." Akaanza kupanda. Alipita usoni kwa Noelene, tumbo, magoti, miguu. Noelene alimdaka mguu. Akabaki na ndala mkononi, na Alwyn akafika kwenye reli, akashusha pumzi ya mtu aliyeingia maji ya moto.

Kenge huyo! Alikuwa amebakiza neno moja tu.

"Basi, yameisha," Desmond alisema. "Henk, ndugu yangu, hebu zoa hapo chini. Watu wasije wakateleza."

Hivyo ndivyo alivyosema, na hakuna aliyecheka. Watu saba waliokuwa wananing'inia darini walitazama sakafu kwa wasiwasi, wasije wakateleza.

"Usizoe, Henk," Noelene alisema. "Acha fimbo yao hapo. Twende kwangu, nina chai, nina mayai hata hayabebeki. Mume wangu alikuwa mtu wa adabu kama wewe, na nimemzika."

Henk alisimama. Alikuwa mtu mrefu, na kichwa chake kilikaribia visigino vya wenzake. Ilionekana kama anakwenda kuchukua koti.

"Aa, Henk, nilitaka kusahau," Desmond alisema. "Tuna kitu chako."

Aliteremsha uzi. Mwishoni mwa uzi kulikuwa na kikombe, na juu ya kikombe jina HENK kwa rangi nyekundu mbichi. Chini ya rangi hiyo kulikuwa na rangi nyeupe, na chini ya nyeupe, ukikigeuza kwenye mwanga, ungeona mgongo wa herufi za jina jingine. Noelene alitupa macho ukutani, pale chini. Msumari wa Athol ulikuwa mtupu.

Henk alikipokea kwa mikono miwili. Alikizungusha polepole, akaliona jina lake, akaliona na lile la chini. Hakuwa mjinga.

"Mama," alimwambia Noelene, "nikitoka hapa, nyumbani ni mimi na saa ya ukutani."

"Najua, baba," alisema Noelene. "Najua."

Henk alichukua ufagio. Kule ukutani, karibu na sakafu, kuna tundu la kufagilia ambalo limeungwa na bomba kubwa. Alilifungua, akasukumia ule mchanga mweusi kidogo kidogo, nao ukaingia ukipiga bati ndani ya koni, ukazunguka, ukaanguka kwenye pipa mahali pake pa siku zote. Maranda yakafuata. Vumbi jembamba likagonga dirisha la Desmond, likatibuka, likapanda. Mfuko ukavimba. Feni ikaanza kulalama kwa sauti nyembamba.

"Mfuko, Henk," Desmond alisema.

Henk aliweka kikombe kwenye meza akakifunika kwa sosa. Alichukua fimbo ya Athol, iliyokuwa imelainika mahali pa mkono, akaupiga mfuko. Vumbi likamwagika, likaning'inia hewani, likamkalia kwenye nyusi. Akaupiga tena. Akaupiga tena, kisha akaiacha fimbo, akashika kifua, akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu anayesafisha koo. Tetea aliinua kichwa akamtazama. Noelene alikuwa bado ameshika ndala, na alikifahamu kikohozi kile tangu mwanzo wake, kama mtu anavyofahamu mlango wa nyumba yake unavyolia.

"Kakohoe nje, ndugu," Desmond alisema kutoka darini. "Tunakunywa chai."

Henk aliomba radhi. Alikwenda mlangoni, akatoka kwenye mvua, na kabla hajaanza kukohoa tena aliufunga mlango nyuma yake, taratibu, ili upepo usipeperushie vumbi vikombe vyao.